Sura ya 6: Mwanagenzi, Roboti na Kisa Chake

Wazazi na walimu wengi wa Afrika Mashariki, wanaposikia kwamba shule au kituo cha vijana kinataka kuanzisha klabu ya roboti, huuliza swali moja: je, mtu mzima ambaye hakusomea uhandisi, na ambaye pengine hajawahi kuishika roboti kwa mikono yake, anaweza kumlea kijana hadi kijana huyo akaiunda? Nyuma ya swali hilo zimejificha dhana mbili, ya kwanza ikiwa kwamba roboti ni hesabu na vyuma tu, na ya pili kwamba mlezi hana budi kujua kila kitu kabla ya anayelelewa. Sura hii inazipinga zote mbili. Inashikilia kwamba usimulizi, yaani uwezo wa kueleza kwa mpangilio ni nani mwenye shida, mashine ilifanya nini na kipi kilifuata kipi, ni chombo cha ufundi kama zilivyo bisibisi na koleo, na kwamba mtu mzima anayejua kusikiliza kisa na kuuliza "kisha ikawaje?" tayari ana sehemu kubwa ya kile anachohitaji.

Mlezi anayezungumziwa hapa ni mtu mzima anayemwongoza kijana kwa muda mrefu katika kazi fulani, awe mwalimu wake wa darasani au asiwe. Kijana mwenyewe anaitwa mwanagenzi, kwa jina lile lile ambalo Kiswahili kimempa tangu zamani mtu anayejifunza ufundi kwa kukaa karibu na fundi.

Neno lililozaliwa jukwaani

Roboti ni mashine inayofanya mambo matatu kwa mfululizo: inahisi, inaamua na inatenda. Feni ya mezani si roboti, kwa sababu huzunguka vile vile chumba kiwe na joto au baridi, kiwe na watu au kitupu. Jokofu linakaribia kidogo, kwani lina kifaa kinachopima joto la ndani na kuwasha au kuzima mtambo wa kupoza kulingana na kipimo hicho. Sehemu inayopima huitwa kihisio. Sehemu inayopokea kipimo na kuamua huitwa kidhibiti, nayo katika roboti za wanafunzi ni kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Na sehemu inayotenda mara nyingi ni mota, yaani kifaa kinachogeuza umeme kuwa mzunguko. Maagizo ambayo kidhibiti huyafuata, moja baada ya jingine, ndiyo programu.

Neno lenyewe halikutoka karakana. Lilitoka katika tamthilia iitwayo R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Prague mwaka 1921, na aliyelipendekeza alikuwa ndugu yake, Josef, ambaye alikuwa mchoraji. Asili yake ni neno la Kicheki robota, lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo Waswahili waliijua kwa jina la shokoa. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka 1961, yaani miaka 40 baada ya watazamaji wa Prague kuona roboti za kubuni zikitembea jukwaani. Kisa kilitangulia, chuma kikafuata, na mpangilio huo ndio unaoifaa klabu ya vijana pia.

Kobe anayechora

Aliyeonyesha vizuri zaidi namna mtoto anavyoweza kufikiri kupitia mashine alizaliwa barani Afrika. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu wa namna watoto wanavyojenga ujuzi, kabla ya kuhamia chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1967 yeye pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walikuwa miongoni mwa waliobuni Logo, lugha ya kuandikia programu iliyokusudiwa watoto, na baadaye lugha hiyo ikaunganishwa na roboti ndogo yenye kalamu tumboni, iliyotambaa sakafuni juu ya karatasi na kuchora njia yake. Roboti hiyo iliitwa kobe.

Mtoto anayetaka kobe achore mraba hujikuta akikwama, kwa kuwa anaujua mraba kwa macho lakini hajawahi kuueleza hatua kwa hatua. Dawa ya Papert ilikuwa mtoto ainuke aache kompyuta na ajifanye kobe: atembee hatua kadhaa, ageuke kulia, atembee tena, huku akisema kila anachofanya. Akirudi alipoanzia atakuwa amegundua kwa miguu yake kwamba mraba ni hatua moja na kona moja ya nyuzi 90, zikirudiwa mara nne, na alichokisema akitembea ndicho kitakachoandikwa kama programu. Hapo simulizi na programu vimekuwa kitu kimoja, bila mtu yeyote kutoa mhadhara juu ya jambo hilo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuupenda mfano huu. Kobe wa ngano zetu ni mnyama mwenye mwendo wa taratibu ambaye huwashinda wenye mbio na wenye nguvu kwa kupanga mambo yake, na mlezi anayeanza na watoto wa miaka 9 au 10 anaweza kuwapa kazi ya kumwongoza kobe kutoka mlango wa darasa hadi kwenye mtungi wa maji, mtoto mmoja akiwa kobe na wengine wakimpa maagizo, kabla ya kununuliwa hata betri moja.

Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, Papert alieleza kwamba alipokuwa mtoto mdogo alipenda mno gia za magari, na kwamba baadaye gia hizo zilimsaidia kuielewa hesabu ya milinganyo kwa kuwa aliweza kuiona ikizunguka. Seti za roboti ambazo kampuni ya LEGO ilianza kuziuza mwaka 1998 zilichukua jina la kitabu hicho.

Vitenzi vya fundi

Kijana akija kwa mlezi na kusema "haifanyi kazi" au "imeharibika", hajasema kitu bado, na hapo ndipo walezi wengi wanapokosea, kwa kuwa huichukua roboti mikononi mwao na kuanza kuifungua. Ichukuliwe mfano roboti inayofuata mstari mweusi uliochorwa kwenye karatasi nyeupe. Chini yake kuna kihisio kinachotoa mwanga usioonekana kwa macho na kupima kiasi kinachorudi, na kwa kuwa weupe hurudisha mwanga huo na weusi huumeza, kidhibiti kinaweza kujua kama roboti bado ipo juu ya mstari. Asubuhi roboti ilikwenda vizuri. Saa nane mchana imepotea njia. Kijana ameshabadilisha betri na kuandika upya nusu ya programu, bila mafanikio.

Mlezi asiyejua lolote kuhusu vihisio anaweza kumsaidia kijana huyo kwa kumtaka asimulie safari nzima ya roboti tangu mwanzo. Ilianza wapi? Ikafika wapi salama? Ilipotea mahali gani hasa? Kijana akisimulia kwamba ilipita kona ya kwanza na ya pili, ikapotea ilipofika sehemu ya meza iliyo karibu na dirisha, na kwamba ikisogezwa upande wa ukutani inafuata mstari kama kawaida, amekwisha kulitaja jibu kabla ya kulijua: jua pia hutoa mwanga wa aina ile ile ambayo kihisio huitegemea, na mwanga wa dirishani umezidi ule mdogo wa roboti. Kipande cha boksi kilichokatwa na kubandikwa pembeni mwa kihisio kama kivuli kinatosha. Maneno "karibu na dirisha" yamefanya kazi ambayo saa mbili za kubahatisha hazikuifanya.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mwendo, na kila kimojawapo kinaelekeza kwenye chanzo tofauti cha tatizo. Mlezi anaweza kupiga marufuku neno "haifanyi kazi" na badala yake kubandika ukutani orodha kama hii:

- Inasita. Inaanza, inasimama kidogo, inaendelea. Huenda kuna agizo la kusubiri lililosahauliwa ndani ya programu, au betri imechoka kiasi kwamba kidhibiti huzimika na kuwaka upya kila mota zinapovuta umeme mwingi.
- Inakwama. Mota inanguruma lakini gurudumu halizunguki. Tatizo liko mwilini: waya umeingia kwenye gia, skrubu imekazwa mno, au mzigo umeishinda mota.
- Inayumba. Inafuata mstari huku ikienda kushoto na kulia kama baiskeli ya mtoto anayejifunza. Inajisahihisha kupita kiasi, hivyo ipunguziwe mwendo au ukubwa wa kona inazokata.
- Inapinda. Iliambiwa iende moja kwa moja, ikaenda upande. Mota mbili za aina moja ni nadra kulingana mwendo wake, na hata zikilingana, gurudumu moja linaweza kuwa limelegea.
- Inagonga. Haikuona kilicho mbele yake. Kama inatumia kihisio cha mwangwi, ambacho hutoa sauti kali isiyosikika na binadamu na kupima muda hadi sauti hiyo irudi, basi swali ni iligonga nini. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita 1 hujibu baada ya takriban sehemu 6 za elfu moja za sekunde. Pazia, hata hivyo, hunyonya sauti, na ubao uliowekwa mshazari huirusha kando. Mbele ya vitu hivyo roboti huwa kama popo aliyezibwa masikio.

Orodha hiyo inagusa jambo zito zaidi. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na matokeo yake vijana wengi walio na umri wa kuingia klabu ya roboti hulazimika kueleza mambo magumu kwa lugha ambayo bado hawajaimiliki. Anayejua kutofautisha kusita na kukwama hubaki na kitenzi kimoja cha kigeni cha kusema mashine haiendi. Mwandishi wa sura hii anaamini kwamba uchunguzi wa tatizo unapaswa kufanywa katika lugha ambayo kijana huota nayo, na Kiingereza cha programu na cha mashindano kifuate baada ya kisa kukamilika. Kumnyima mtoto vitenzi vyake ni kumnyang'anya vipimo.

Kwa muhtasari, hadi hapa imeonekana kwamba programu ni masimulizi ya mambo yatakayotokea, na kutafuta kosa ni kusimulia yaliyotokea kisha kutazama masimulizi hayo mawili yameachana wapi.

Mikono ya mlezi

Katika gereji za mitaani kijana anayejifunza, ambaye Tanzania huitwa spana boi, huanza kwa kumpa fundi vifaa, kuosha vipuri kwa petroli na kutazama, hadi siku atakapoachiwa kufungua nati mwenyewe. Mfumo huo una uzuri wake, kwa kuwa mwanagenzi huona kazi nzima tangu gari linapoingia hadi linapotoka. Una udhaifu wake pia, kwani mafundi wengi hawaelezi kwa nini wanafanya wanachofanya, na kijana huishia kuiga mikono bila kupata fikra. Klabu ya roboti inahitaji uzuri ule na dawa ya udhaifu ule.

Kosa kubwa la walezi wa roboti, hata hivyo, ni la aina nyingine. Usiku wa kuamkia mashindano roboti haiendi, vijana wamechoka, mtu mzima anaiona dosari waziwazi, naye anaketi na kuirekebisha. Asubuhi roboti inashinda. Kijana amepewa kikombe na amenyang'anywa ile saa moja ambayo kwa ajili yake klabu nzima ilianzishwa, na ingekuwa heri kwake ashindwe akiwa na jibu lake nusu mkononi.

Wazo la kuwaachia vijana mashine lina historia inayostahili kujulikana. Katika miaka ya 1970 Woodie Flowers, profesa wa MIT, aliendesha somo ambalo kila mwanafunzi alipewa boksi la vikorokoro vile vile walivyopewa wenzake wote, akatakiwa kuunda mashine ya kutimiza kazi fulani na kuishindanisha mbele ya umati. Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST ili kuwapelekea vijana wa sekondari msisimko wa namna hiyo, na Flowers akawa mshirika wake. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko Manchester, New Hampshire, likiwa na timu 28. Flowers aliingiza katika mashindano hayo msingi unaoweza kuitwa kwa Kiswahili weledi wenye utu: timu hupambana kwa nguvu zote, lakini mpinzani akipungukiwa na kipuri huazimwa. Tuzo ya walezi yenye jina la Flowers ilianza kutolewa mwaka 1996, na mlezi hupendekezwa na wanafunzi wake wenyewe kwa insha wanayoiandika juu yake. Mtu aliyetumia miaka akiwadai vijana masimulizi hupimwa, mwishoni, kwa masimulizi yao.

Boksi la Flowers linafaa pia kama jibu kwa wanaosema kwamba roboti ni za matajiri. Watoto wa mitaa yetu wameunda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili na usukani unaogeuka kweli, na ndani ya redio ya kaseti iliyokufa mna mota nzima inayosubiri kutolewa. Kidhibiti ndicho ambacho aghalabu hakina budi kununuliwa, na hapo pia mambo yamekuwa mepesi tangu mradi wa Arduino ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa kuwa waanzilishi wake waliuachia ulimwengu mchoro wa kidhibiti chao, na sasa nakala za bei nafuu hutengenezwa na viwanda vingi.

Shida ya nani?

Ubunifu haupatikani kwa kumwambia kijana "buni kitu". Unapatikana anapopewa mtu mwenye shida na akalazimika kuifuatilia shida hiyo hadi mwisho wake. Huko Kinshasa mwaka 2013 ziliwekwa kwenye makutano ya barabara roboti za kuongoza magari, zilizoundwa na kikundi cha wahandisi kilichoongozwa na Thérèse Izay Kirongozi. Zilitengenezwa kwa alumini, zilikuwa na urefu wa takriban mita 2.5, zilitumia umeme wa jua, na ziliinua mikono na kugeuza kiwiliwili kama trafiki, huku taa nyekundu na za kijani zikionyesha nani apite. Taa za kawaida zingeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini dereva aliyezoea kuamriwa na mkono wa mtu alielewa mara moja mkono wa alumini ulioinuliwa, na kwa uamuzi huo wa umbo wahandisi walionyesha kwamba walikuwa wamesimama barabarani na kuyatazama mazoea ya watu kabla ya kushika vyuma.

Waandaaji wa mashindano wenyewe hutumia njia hiyo. Shindano la FIRST Global lililofanyika Washington mwaka 2017, ambalo kila nchi hushiriki kwa timu moja, lilihusu maji: mipira ya rangi mbili iliwakilisha maji safi na maji yaliyochafuliwa, na roboti zilitakiwa kuitenga. Kijana wa Dodoma au Turkana hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lina uzito.

Lipo onyo hapa. Kisa kinaweza kugeuzwa bidhaa ya wafadhili, kijana akafundishwa kuusimulia umaskini wake kwa machozi ilhali roboti yenyewe haikugusa shida yoyote. Mlezi mwaminifu humuuliza mwanagenzi kama mtu anayetajwa katika kisa amewahi kuiona mashine hiyo na amesema nini juu yake. Na kama bibi muuza mboga alisema mashine ni nzito mno kwake, basi maneno hayo yasomwe jukwaani jinsi alivyoyasema.

Bisibisi na kalamu

Palipo na usimulizi, hatari ya kugawa kazi kwa jinsia iko karibu sana. Wavulana hukimbilia bisibisi na kompyuta. Wasichana huambiwa wana mwandiko mzuri, wakapewa daftari na bango la maonyesho. Baada ya mwaka mmoja klabu ina mafundi wasioweza kueleza walichounda, na waandishi wasioweza kuunda walichoandika, na watu husema kwamba hayo ni maumbile. Si maumbile, ni ratiba. Dawa yake ni ratiba nyingine, ambayo ndani yake kila mwanagenzi, wiki kwa wiki, huhama kutoka kwenye mota kwenda kwenye programu na kutoka kwenye programu kwenda kwenye daftari, bila kubadilishana zamu na bila udhuru.

Daftari

Daftari la klabu ni kitabu kimoja chenye kurasa zilizopigwa namba, ambacho hakichanwi ukurasa wala hakifutwi kosa. Ndani yake huandikwa tarehe, kilichokusudiwa, kilichotokea, na kitakachojaribiwa siku inayofuata, pamoja na michoro hata ikiwa mibaya. Mwandishi wa siku huandika kilichoonekana kabla ya kuandika kilichodhaniwa: "iligeuka pungufu ya kona iliyotakiwa" hutangulia "betri imekwisha nguvu", kwa sababu sentensi ya pili inaweza kuwa si kweli ilhali ya kwanza itabaki kuwa shahidi.

Ubora wa daftari hupimwa kwa zoezi moja lisilo na gharama. Mwanagenzi wa mwaka wa pili humkabidhi mtoto aliyejiunga jana roboti iliyofunguliwa vipande, pamoja na daftari, kisha huketi pembeni. Mtoto anasoma, anaunganisha, anawasha. Anapokosea, kwa sababu ukurasa wa 12 haukusema waya mwekundu unaingia wapi, yule mkubwa haruhusiwi kufungua mdomo wala kunyoosha kidole. Anaruhusiwa kuchukua kalamu.